Sinema imekwisha, mbona machozi hayajakauka?

Je, msomaji mpendwa, umewahi kumwona mtu mzima, baba wa watoto wanne, akijifanya amekabwa na kikohozi sebuleni ilhali kila mtu anajua ni machozi anayaficha? Kilichomliza si matanga. Si karo ya shule wala deni la duka. Ni mtu asiyemjua, aliye ndani ya kioo cha televisheni, ambaye amelipwa ili ajifanye anakufa. Mwulize wiki mbili baadaye filamu hiyo ilihusu nini na yamkini atakuwa amesahau nusu ya kisa. Lakini lile onyesho moja lililomkaba koo atakusimulia mpaka rangi ya leso aliyojifunga mwigizaji.

Swali la kwa nini huwa hivyo lina uzito wa pekee hapa Sachangwan, kwenye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, ambako ukungu wa asubuhi hulalia mashamba ya viazi na matrela hunguruma usiku kucha. Wakazi wa sehemu hii wameyaona kwa macho yao mambo ambayo watengenezaji filamu wa Marekani hulipa mamilioni ya dola ili kuyaigiza. Jumamosi, Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapa. Watu wakaja na mitungi na ndoo kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukazuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Miili mingine haikuweza kutambuliwa ikazikwa katika kaburi la pamoja. Kabla ya hapo, wenyeji wa Molo na viunga vyake walikuwa wameshuhudia nyumba zikiteketea katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992, na tena katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Mtu aliyeyaona hayo, je, atatishwa na moto wa sinema, unaowashwa na mafundi huku watu wa zimamoto wamesimama kando wakisubiri?

Shuka kidogo hadi Salgaa, kituo cha madereva wa masafa marefu, uingie jioni katika kibanda kinachoonyesha mpira na filamu. Kwenye mabenchi wamejazana madereva, utingo na vijana wa bodaboda. Helikopta inaanguka, daraja linalipuka, majumba yanaporomoka. Watu wanatafuna njugu. Wengine wanashangilia. Hakuna anayelia, na ukweli ni kwamba hakuna hata anayeogopa. Kelele za mlipuko huushtua mwili, nao mwili husahau upesi. Lakini ngoja shujaa arudi nyumbani akute sahani aliyotengewa na mama yake bado iko mezani, imefunikwa, na mama hayupo. Njugu zinaacha kutafunwa.

Siri ya sarafu

Sahani ile haikutuliza kwa sababu ni sahani. Ilitayarishwa. Nusu saa kabla tulimwona mama akiifunika huku akiwagombeza watoto wasiiguse, nasi hatukutilia maanani. Mwelekezaji wa filamu alikuwa anapanda mbegu.

Ukitaka mfano halisi, waulize wazazi wako waliotazama Sholay, ile filamu ya Kihindi ya mwaka 1975 iliyoelekezwa na Ramesh Sippy na ambayo Afrika Mashariki nzima iliipenda. Marafiki wawili, Jai na Veeru, wanaoigizwa na Amitabh Bachchan na Dharmendra, hawana makao wala mali. Kila wanapotakiwa kuamua jambo, Jai hurusha sarafu. Tunacheka, kwa kuwa Jai ana bahati ya ajabu. Karibu na mwisho majambazi wamewazingira, na lazima mmoja abaki nyuma kuwazuia ili mwenzake aokoke. Sarafu inarushwa. Jai ndiye anayebaki, na anakufa. Veeru anapoichukua ile sarafu anagundua kwamba pande zake zote mbili ni sawa.

Hakuna anayesimama kutueleza maana yake. Hakuna haja. Katika nukta hiyo moja unarudi mwenyewe mwanzo wa filamu na kuipitia upya, ukitambua kwamba kila mara ulipocheka rafiki alikuwa anamchagulia mwenzake njia. Wewe ndiwe uliyeifanya hesabu, na jambo ulilojihesabia mwenyewe ni vigumu kulisahau.

Jirani yetu Rongai

Lakini kwa nini tuende India wakati mfano mwingine uko hapa chini ya mlima? Ukiteremka kutoka Sachangwan kuelekea Nakuru utafika sehemu za Rongai. (Nasema Rongai ya Nakuru, si ile ya Kajiado yenye matatu za kelele.) Katika Rongai hii ndimo kinamoanzia kisa cha filamu ya Kijerumani, Nirgendwo in Afrika, ambayo wengi huijua kwa jina la Kiingereza, Nowhere in Africa. Ilitolewa mwaka 2001, ikaelekezwa na Caroline Link, na mwaka 2003 ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora katika lugha za kigeni. Imetokana na kitabu cha Stefanie Zweig, mwandishi aliyeletwa Kenya akiwa mtoto.

Kisa chenyewe ni cha familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani ya Hitler. Walter, aliyekuwa wakili kwao, ametangulia na sasa ni msimamizi wa shamba. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao mdogo Regina wanamfuata. Walter alikuwa amemwagiza mkewe alete jokofu. Jettel analeta gauni la sherehe.

Mara ya kwanza nilipoitazama sehemu hiyo nilicheka, kama bila shaka utakavyocheka wewe. Baadaye kicheko kilinikauka. Gauni lile linakwambia kila kitu: mama huyu hajaelewa kwamba nyumbani hakupo tena. Anadhani amekuja kutembea. Mtungaji mvivu angemweka akae kitandani aseme, ‘Nina huzuni kwa kuwa nimeiacha nchi yangu.’ Sisi tungepiga miayo.

Kisha yuko Owuor, mpishi, anayeigizwa na Mkenya mwenzetu Sidede Onyulo kwa utulivu ambao waigizaji wengi wa vipindi vya televisheni vya siku hizi wangefaa kuuiga. Walter anapougua malaria, Owuor ndiye anayemwuguza hadi anapona. Walter, ambaye hana fedha za kumtuza, anampa joho lake la wakili, lile alilokuwa akilivaa mahakamani. Mpishi anavaa joho la mahakama. Hapo tena unaanza kwa kutabasamu. Halafu inakujia kwamba mtu huyu ametoa kitu cha pekee kinachothibitisha alikuwa nani. Hatakihitaji tena. Amekubali kwamba yeye si wakili.

Baadaye kinakuja kipande ambacho ningewashauri vijana wanaosomea utengenezaji wa filamu wakitazame mara kumi. Mauaji ya Wayahudi huko Ulaya yamewameza mamilioni, na Jettel ameacha mama na dada huko. Caroline Link hatuonyeshi kambi za mauaji. Hatuonyeshi waya wa miiba wala askari. Inafika barua fupi tu kwamba wanapelekwa Poland. Karatasi, mikono ya mwanamke, na nyika ya Kenya nje ikiwa tulivu kana kwamba hakuna jambo. Mtazamaji anajua Poland ilimaanisha nini kwa Myahudi wa miaka ile, na kwa kuwa haonyeshwi, analazimika kuiona kwa macho yake ya ndani. Hakuna kamera inayoweza kushindana na macho hayo.

Mwisho wa filamu uko ndani ya gari moshi. Vita vimekwisha na familia inarudi Ujerumani. Kwenye kituo, mama mmoja anamwonyesha Jettel ndizi dirishani. Jettel anasema hana pesa. Mama yule anacheka, anampa ndizi hivyo hivyo. Basi. Lakini Jettel huyu ndiye yule aliyefika akiwa hataki hata kujifunza lugha ya wenyeji, hadi mumewe akamkemea. Sasa anapokea ndizi kwa mtu ambaye hatamwona tena maishani, nawe unayetazama unashindwa kumeza mate.

Uso mmoja, hisia tatu

Warusi waliling'amua jambo hili zamani, wakati filamu zilikuwa bado hazina sauti. Mwelekezaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mkavu usioonyesha lolote, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana mwigizaji: jinsi alivyoonyesha njaa mbele ya supu, majonzi mbele ya jeneza na tamaa mbele ya mwanamke. Kumbe uso ulikuwa ule ule! Njaa na majonzi vilikuwa vyao wao watazamaji.

Ndiyo maana mwigizaji anayelia sana mara nyingi hatulizi. Ameimaliza kazi yote, hakutuachia hata kidogo.

Tazama Oliver Litondo katika The First Grader, filamu ya mwaka 2010 kuhusu Kimani Maruge, mzee aliyejiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kutangaza elimu ya msingi bila malipo. Mzee anaambiwa hana sare. Anakwenda, anakata suruali yake ikawa kaptura, anarudi na soksi ndefu. Haombi huruma. Anasimama tu langoni, mkongojo mkononi, magoti nje. Kisha iko ile sehemu ya penseli. Kwa mtoto wa kawaida kuchonga penseli si lolote. Kwa mzee huyu, aliyeteswa kizuizini enzi za Mau Mau, ncha kali ya penseli inamrudisha kwenye mateso ya sikio lake. Wanafunzi wa fasihi wataiita mbinu rejeshi, na ni kweli. Mimi naona uzito wake uko kwenye penseli yenyewe: kitu kile kile anachokihitaji ili asome ndicho kilichomwumiza.

Kelele na kimya

Yako mengine yafaayo kutajwa kwa haraka. Uamuzi ni mojawapo. Akina mama waliotazama Mother India ya mwaka 1957 hawajaisahau ile saa ya Radha, anayeigizwa na Nargis, kuelekeza bunduki kwa mwanawe mwenyewe wa kumzaa kwa kuwa amemteka binti wa kijiji. Akipiga, amekosa mwana. Asipopiga, amekosa heshima ya kijiji kizima. Mtu anayechagua kati ya jema na ovu hatuumizi sana. Anayetuumiza ni yule ambaye kila mlango anaoufungua una hasara.

Sauti nayo ina mambo yake. Jaribu siku moja kuzima sauti kabisa utazame Out of Africa, ile ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 iliyozoa Oscar saba, moja yazo ikiwa ya muziki wa John Barry. Fika mahali ambapo Karen na Denys wanaruka kwa ndege ndogo, yeye mbele na mwanamume nyuma, na flamingo chini yao wakitawanyika juu ya maji. Hawasemi neno. Karen ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, naye Denys anaushika. Bila muziki utaona mkono bado unafanya kazi yake. Washa muziki, nao unageuka jambo kubwa kuliko watu wawili. (Tusijidanganye: filamu ile iliwapa Waafrika nafasi ya kubeba mizigo na kuwasha taa. Lakini mkono ni mkono.)

Kwenye vibanda vyetu, hata hivyo, kimya ni mali adimu. Wapenzi wa filamu zilizotafsiriwa na DJ Afro wanajua hatuachiwi hata sekunde moja bila maelezo, na wengi wetu tumecheka hadi mbavu zikauma. Sina ugomvi na kazi hiyo. Imewafungulia sinema watu ambao Kiingereza cha haraka haraka kiliwafungia nje. Ila liko onyesho linalohitaji ulimi ufungwe, na msimulizi mzuri hujua saa ya kumeza mate.

Wala usidhani lazima pawe na mamilioni ya pesa. Nairobi Half Life, filamu ya mwaka 2012 iliyoelekezwa na Tosh Gitonga, inaanza na kijana Mwas akiuza filamu kijijini. Ili apate wanunuzi anawaigizia: yeye ni shujaa, yeye ni adui, yeye ni mlio wa silaha. Hana upanga wala jeshi, na watu wamesimama kumtazama. Joseph Wairimu, aliyeigiza nafasi hiyo, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka huo huo.

Lau ingekuwa filamu

Sasa turudi kwenye mteremko wetu. Tuseme mtengenezaji filamu anakuja kesho na kamera yake na kusema anataka kuisimulia Januari 31, 2009. Ataanzia wapi?

Naogopa kwamba ataanzia kwenye moto. Moto hupendeza kamera. Lakini mwelekezaji Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa kutia watu hofu, alizoea kueleza hivi: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka kwa sekunde kumi na tano tu. Akionyeshwa bomu mapema, halafu akaonyeshwa watu wamekaa kwenye meza hiyo wakizungumza habari za kawaida, utamkalisha roho juu kwa dakika kumi na tano. Ndiyo taharuki.

Basi asianze na moto. Aanze na mtungi wa plastiki. Amwonyeshe kijana anayeutoa jikoni na kumwaga maji yaliyomo, na dada yake akilalamika kwamba ameyachota mbali. Atuonyeshe watu barabarani wakitaniana, wakiitana kwa majina. Ni Jumamosi, mafuta ni ghali, na hapa yanamwagika bure. Hakuna mjinga katika kundi lile wala mwizi wa kuzaliwa. Wako wanaohesabu karo na unga. Mtazamaji anajua. Wao hawajui. Kila kicheko kitamchoma. Na mwelekezaji akiwa na busara, wakati ule ukifika atageuza kamera. Atarudi kwenye ile nyumba, dada amesimama mlangoni, ametazama upande wa barabara, na mahali pa mtungi pana alama ya duara sakafuni.

Hapo ndipo ningelia. Nadhani nawe pia.

Judy Kibinge alifuata njia ya namna hiyo katika Something Necessary, filamu yake ya mwaka 2013 kuhusu majeraha ya ghasia za 2007 na 2008. Anatupeleka pale ambapo magazeti yalikuwa yamekwisha kukunja kurasa. Anne, muuguzi, anatoka hospitalini. Mumewe ameuawa, mwanawe hana fahamu, shamba limechomwa. Na kwa upande mwingine yuko kijana Joseph, mmoja wa waliokuwa katika magenge, ambaye naye anashindwa kuishi na alichokifanya. Filamu inawafuata hao wawili wakijaribu kuamka asubuhi. Kwa familia za Bonde la Ufa hicho si kisa cha mbali.

Jambo hili ndilo linalonifanya nizungumze na wazazi na wanafunzi kwa pamoja. Tumeona kwamba onyesho zuri huacha pengo ili mtazamaji alijaze kwa mali yake mwenyewe. Mali ya mkazi wa Sachangwan si sawa na ya mtu wa Sydney au Stockholm. Picha ile ile ya mtungi wa plastiki, kwa mwingine ni chombo cha maji.

Chukua mfano wa mama wa huku ambaye kila moto unapotokea kwenye kioo husimama akasema anakwenda kuangalia chai, chai ambayo haijatiwa hata maji kwenye sufuria. Mwanawe wa Gredi ya 6 hana habari. Alizaliwa miaka kadhaa baada ya 2009. Anachoona ni kwamba mama hapendi sinema nzuri, hivyo anaongeza sauti. Mama naye anachelewa jikoni, amesimama tu, akisikiliza moto wa Marekani ukitoka sebuleni.

Kijana, unapoona hivyo, rimoti iko mezani. Filamu za siku hizi zinasimama mahali popote unapotaka na kuendelea baadaye. Isimamishe, uende jikoni, umwulize mama alikuwa wapi siku ile na alikuwa na nani. Huenda asijibu leo. Huenda akakutajia jina moja tu, au akakwambia walivyokuwa wamevaa. Filamu itawasubiri, na chai ikichelewa, ichelewe.